Rafiki Aliyejua Akanyamaza

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanafunzi wa vyuo waliokusanyika Dodoma kwa semina ya mwanzo wa mwaka wa masomo. Yamenyooshwa kidogo ili yasomeke, lakini mengi yameachwa kama yalivyotoka mdomoni.)

Bwana Yesu asifiwe!

Mwenyekiti, wachungaji mliopo, walezi wenzangu, nanyi wanangu, shikamooni kwa walionizidi, na wengine wote hamjambo.

Barua ya mwaliko ilinipa mada ndefu: nafasi ya marafiki katika imani ya kijana Mkristo. Nilipoisoma nikajua mnachokitarajia. Mnatarajia nifungue 1 Wakorintho 15:33, nisome "Msidanganyike, mazungumzo mabaya huharibu tabia njema," nitaje pombe, kubeti na mambo ya kwenye mageto, niwaombee, halafu twende chai. Andiko hilo ni Neno la Mungu, sina ugomvi nalo. Shida ni kwamba mmehubiriwa tangu mko Shule ya Jumapili, na kila anayelisikia humgeukia aliyekaa pembeni yake. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga baa hulipigia makofi kuliko wote.

Nimelea vikundi vya wanafunzi kwa muda mrefu, na nimewaona vijana wakipoa. Niseme nilichokiona kwa macho yangu: waliovutwa nje na walevi ni wachache. Wengi walipolea humuhumu ndani, katikati ya wapendwa, kwaya ileile, mkesha uleule, kundi lilelile la WhatsApp lenye aya kila asubuhi na picha ya jua linachomoza. Marafiki walikuwa nao tele. Na marafiki hao walijua. Walijua kabisa, wakanyamaza. Huyo ndiye rafiki ninayetaka tumzungumze leo, kwa sababu mlevi tunamwona akija, huyu hatumwoni.

Fungueni 2 Samweli 13. Najua hii sura hatuipendi, haihubiriwi mara nyingi, na kwa haki kabisa inatuumiza. Ni habari ya Amnoni mwana wa Daudi na Tamari, dada yake kwa baba. Wengi tukiisoma tunamwona Amnoni, tunamwona Tamari, tunamwona Absalomu, ndugu yake Tamari wa tumbo moja. Mstari wa 3 tunaupita mbio. Mstari huo unasema Amnoni alikuwa na rafiki, jina lake Yonadabu, mtoto wa ndugu yake Daudi, na ya kuwa huyu Yonadabu alikuwa mtu mwerevu sana.

Mwerevu kweli. Ndiye aliyegundua kwamba mwana wa mfalme anakonda. Akauliza kwa nini. Mtasema, si huyu ameuliza? Ameuliza, ndiyo. Ameuliza ili ajue mwenzake anataka nini, amsaidie kukipata. Amnoni akafunguka, na pale pale Yonadabu akampa mpango: jilaze kitandani, jifanye mgonjwa, baba yako akija kukutazama mwombe Tamari aje akupikie. Hakumwambia "fanya uovu". Alimpangia mazingira tu. Yaliyompata Tamari baada ya hapo mnayajua: Amnoni alimbaka.

Sasa rukeni mpaka mwisho wa sura hiyohiyo. Miaka miwili mizima imepita. Absalomu ameandaa karamu ya kukata manyoya ya kondoo, Amnoni ameuawa, na habari inafika kwa mfalme kwamba wana wake wote wamekufa. Kilio kikubwa, mavazi yanararuliwa. Katikati ya kilio anasimama nani? Yonadabu. Anasema kwa utulivu kabisa: bwana wangu asidhani wamekufa wote, aliyekufa ni Amnoni peke yake, kwa maana Absalomu amelikusudia jambo hili tangu siku ile.

Tangu siku ile! Someni tena mstari wa 32 mkifika vyumbani. Mtu huyu alijua mambo yanakoelekea kwa miaka miwili. Alimwona rafiki yake akivaa vizuri kwenda kwenye karamu ya mtu anayetaka kumwua. Hakumwambia neno. Na siku habari ilipokuja, yeye hakushtuka.

Hii kitu haiko Yerusalemu peke yake. Katika kikundi kimoja, sitakitaja, kulikuwa na mweka hazina. Kijana mtulivu, mwimbaji wa sauti ya tatu, anayeamkia watu. Michango ya safari ya injili ilikuwa inaingia kwenye simu yake. Akaanza kubeti. Mkeka wa kwanza aliweka hela yake, ukachanika. Wa pili vilevile. Wa tatu akagusa michango, akijiambia bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, likiingia anarudisha. Na bumu mnalijua, likiingia lina wenyewe.

Mwenzake wa chumba alikuwa anaona. Usiku taa zimezimwa, watu wamelala, mweka hazina yuko ndani ya chandarua, mwanga wa simu unampiga usoni, anafuatilia dakika za majeruhi za ligi ya nchi ambayo kwenye ramani haijui ilipo. Mechi ikiisha anaizima simu na kuifunika chini ya mto. Asubuhi anaongoza maombi. Mwenzake alimwona hivyo wiki baada ya wiki, hata akawa anamkopesha nauli. Mambo yalipofumuka nilimwita huyu mwenzake, nikamwuliza, wewe mwanangu si ulikuwa unajua? Akaniambia, "Nilijua, mzee. Niliogopa kumvunja moyo. Yeye ndiye alikuwa anatuombea."

Deni tulilimaliza kwa mchango mwingine. Kijana mwenyewe aliacha kwaya, akaacha kikundi, baadaye akaacha kanisa, na simu zetu hapokei mpaka leo. Mkiniuliza ni nani aliyeharibu imani yake, mtataja kampuni ya kubeti. Mimi nawafikiria wote wawili, na yule aliyekuwa macho kwenye kitanda cha pili ananisumbua zaidi. Mithali 27:6 inasema, "Jeraha utiwazo na rafiki ni amini." Kijana yule alihitaji jeraha dogo mwezi wa kwanza. Marafiki wakampa nauli.

Niwapeleke mbali kidogo, halafu nitawarudisha hapa hapa Dodoma.

Mashariki ya Rwanda, karibu na ziwa Muhazi, kuna mahali panaitwa Gahini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Mwingereza, Joe Church, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni pale. Njaa kubwa ilipiga Rwanda 1928 na 1929, na daktari akachoka mwili na roho. Mwezi wa tisa 1929 akaenda Kampala kupumzika. Kwenye kilima cha Namirembe, penye kanisa kuu, akakutana na Mganda mmoja amesimama na pikipiki yake: Simeon Nsibambi, mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Walikuwa wameonana mapema mwaka huo. Wakaambiana wazi kwamba wote wana kiu, kwamba dini wanayo ila kuna kitu kinapungua. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakisoma na kuomba.

Msilipite hilo haraka. Mwaka ni 1929. Mzungu na Mwafrika wanakaa meza moja, Biblia moja, kila mmoja anakiri upungufu wake kwa mwenzake. Enzi hizo Mzungu alikuwa anafundisha na Mwafrika anafundishwa, basi. Baada ya siku hizo mbili Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akawa anazunguka akihubiri na kuwauliza watu kama wameokoka, mpaka wengine wakadhani amerukwa na akili. Wanahistoria wengi wakisimulia uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowapa watu jina la Walokole na kusambaa mpaka Kenya na kwetu Tanganyika, husimulia siku hizo mbili. Haukuanza na mkutano wa hadhara. Ulianza na watu wawili kuambiana ukweli.

Lakini mtu ninayempenda zaidi katika habari hii ni Yosiya Kinuka. Alikuwa kiongozi wa wafanyakazi pale hospitali ya Gahini. Hali kazini ilikuwa mbaya: manung'uniko, ubaridi, watu hawaelewani. Kinuka akasafiri kwenda Kampala, akafikia kwa Nsibambi, akammwagia yote. Hospitali iko hivi, watu wako vile.

Jiwekeni mahali pa Nsibambi. Mgeni ametoka mbali, ana machungu, yuko nyumbani kwako. Sisi kwa mila zetu tunajua cha kufanya. "Pole sana ndugu yangu. Hao watu ndivyo walivyo. Hebu kunywa chai kwanza." Tungemwombea pia, na angerudi Gahini akiwa na nguvu mpya za kulalamika. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba shida ya hospitali ile imo ndani ya moyo wake yeye Kinuka, na kwamba ni dhambi.

Sijui mgeni wako angekujibuje! Kinuka alilibeba neno hilo. Akiwa njiani kurudi, ndani ya lori, alimkabidhi Kristo maisha yake. Alishuka Gahini mtu mwingine, akamwendea daktari na wenzake, na miaka iliyofuata akawa mchungaji na mwenza wa Church katika safari za kuhubiri. Mwaka 1935 walikuwa pamoja Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, katika mkutano ulioutikisa mkoa mzima wa Kigezi. Nsibambi alikuwepo, na mdogo wake Blasio Kigozi pia, mwalimu kijana wa Gahini. Blasio alifariki miezi michache baadaye, Januari 1936, hata miaka 30 hajafikisha, akiwa amekwenda Kampala na ujumbe mmoja kwa viongozi wa kanisa: amkeni.

Hebu mniambie, kama Nsibambi angesema "pole"?

Sasa nawarudisha Dodoma. Wale wa Chuo Kikuu cha St. John's mnasoma katika eneo lililokuwa shule ya Mazengo, na kabla ya kuitwa Mazengo iliitwa Alliance. Mwaka 1946 alikuja kufundisha hapo mwalimu kutoka Kigezi, Festo Kivengere. Alikaa na familia yake miaka mingi, akihubiri kwa Kiswahili. Baadaye alikuwa askofu, jina lake likajulikana duniani. Lakini miaka mitano tu kabla hajaja Dodoma, Kivengere alikuwa mlevi aliyeitupa imani.

Mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi alivyorudi. Ilikuwa 1941, Jumapili. Anarudi nyumbani amekunywa, yuko kwenye baiskeli, haiendi sawa. Anatokea rafiki yake wa karibu naye akiendesha baiskeli, anakuja upande wake kwa kasi. Anamwambia kwamba saa chache zilizopita Yesu amekuwa hai kwake na dhambi zake zimesamehewa. Halafu akafanya kitu ambacho Kivengere hakukitegemea: akamwomba msamaha kwa mambo waliyokuwa wakiyafanya pamoja, akayataja moja moja. Kisha akapanda baiskeli akaendelea na safari yake, akamwacha mwenzake barabarani. Kivengere alifika nyumbani akapiga magoti.

Naomba muone mambo mawili hapo. La kwanza, aliyemleta Kivengere kwa Yesu ni rafiki wa pombe, yule yule ambaye mhubiri angemwambia amkimbie. Kwa hiyo tuwe na adabu tunapowaita watu "marafiki wabaya". La pili, na hili ndilo zito, rafiki yule hakuanza na dhambi za Festo. Alianza na zake. Hakumwambia "acha pombe". Alimwambia "nisamehe". Huwezi kubishana na mtu anayekuomba msamaha kwa uovu ambao wewe mwenyewe uliufurahia.

Kivengere alijifunza hapo hapo. Muda si mrefu akapanda baiskeli akaenda safari ya maili 50 hivi kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia, akamwambia hivyo usoni na kumwomba radhi. Na tabia hiyo haikumwacha. Februari 16, 1977, Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, aliitwa Kampala na Idi Amin pamoja na maaskofu wenzake, Kivengere akiwemo. Luwum akatengwa nao. Kivengere alibaki akimsubiri mpaka wanajeshi wakamlazimisha aondoke. Luwum aliuawa siku hiyo. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Akiwa uhamishoni alikiri mbele za watu kwamba chuki juu ya Amin ilikuwa inamkausha ndani, na kwamba ilimbidi amsamehe. Mtu aliyezoea kwa miaka 36 kuwafungulia wenzake moyo hafichi chuki hata kama dunia nzima inamwambia ana haki nayo.

Wale watu wa uamsho walikuwa na neno lao: kutembea nuruni. Walilitoa 1 Yohana 1:7, "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Soma taratibu. Ushirika na kusafishwa vimewekwa katika sentensi moja. Sisi tumevitenga. Kusafishwa tumekufanya siri yangu na Mungu wangu, na ushirika umebaki soda, keki na kupiga picha.

Nisiwapambe mno hao wazee. Waliharibu pia. Kuulizana kukigeuka kupelelezana, urafiki unakufa. Zilikuwepo jumuiya ambapo mtu alisimama akaungama mbele ya watu mambo ambayo yalimhusu mkewe peke yake, mke akiwa amekaa pale pale. Walifika mahali pa kupimana nguo na mapambo. Miaka ya 1970 walipasuka, Uganda na Kenya, kundi moja likiwaambia wenzao kwamba wamelala usingizi na wanahitaji kuamka upya. Wengine walibishana hata kama Mkristo anaruhusiwa kukopa fedha. Ninyi wa Bodi ya Mikopo sijui wangewaweka wapi!

Yesu alikuwa ameshaweka utaratibu, Mathayo 18:15: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Wewe na yeye. Peke yenu. Katibu hayupo, kundi la WhatsApp halipo, na hakuna "ombi maalumu kwa ndugu yetu ambaye jina tunalihifadhi" halafu kila mtu anajua ni nani. Hiyo ya mwisho ni umbea uliofumba macho.

Na siwezi kuitaja Gahini nikaruka mwaka 1994. Nchi ile ambayo moto ule uliwaka mapema ndiyo iliyopata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, siku 100 hivi, na watu wakauawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Ntarama na Nyamata leo ni kumbukumbu, unaingia unakuta nguo za waliokufa. Walikuwepo Wakristo waliowaficha jirani zao wakafa nao, Mungu anawajua. Na walikuwepo waumini waliowaua watu waliokaa nao benchi moja Jumapili. Nimesumbuka na jambo hili miaka mingi, na maoni yangu ni haya: kila kundi la marafiki lina jambo lake lisiloguswa. Mnaweza kuungama wizi, ulevi, uzinzi, machozi yakatoka, huku lile jambo moja limekaa katikati yenu kama mgeni rasmi na hakuna anayeligusa. Kule lilikuwa kabila, na chuki iliyofundishwa kwa miongo.

Lenu ni lipi? Nawauliza kweli. Katika kikundi kimoja nilicholea lilikuwa ni fedha. Kingine, ni mabinti waliokuwa wakisumbuliwa na mwalimu kuhusu alama. Wenzao walijua majina, wakaendelea kuwaalika kwenye mazoezi ya kwaya kama kawaida, na wale mabinti wakaona imani hii haina jibu kwa shida yao, wakaondoka. Sehemu nyingine ni mganga: mama anampigia mtoto simu mitihani ikikaribia, kuna dawa imetumwa na basi, na rafiki anayekwenda naye stendi kupokea kifurushi ni mtu wa maombi. Na siku hizi liko hili la "mtumishi". Rafiki yako amepeleka ada yote kwa nabii apate muujiza wa kufaulu, wewe unaona, unaogopa kusema kwa kuwa umeambiwa usimguse mpakwa mafuta. Ada imeliwa, mwenzako anarudishwa nyumbani, wewe unamwambia "Mungu ana makusudi".

Kila mwaka naulizwa kuhusu marafiki Waislamu, basi niliseme mapema. Paulo katika 1 Wakorintho 5:10 anasema wazi kwamba hakutuagiza tujitenge na watu wa dunia hii, maana hapo ingetubidi tutoke duniani. Andiko la nira, 2 Wakorintho 6:14, lipo na linabana mahali pake, hasa unapofunga ndoa au biashara. Lakini kuwa na rafiki Mwislamu hakujawahi kumpoza mtu ninayemjua. Kinyume chake nimeona: binti analala chumba kimoja na Mwislamu anayeamka alfajiri kila siku, na Jumapili moja binti yetu amejifunika shuka saa tatu asubuhi, mwenzake anamtingisha, "We, leo kanisani huendi?" Huyo ameuliza. Wapendwa wenzake kumi walimwona hayupo ibadani, wakamtumia emoji ya mikono miwili.

Sasa, mtanisema nimeongea sana na sijawaambia waanzeje. Anzeni kama rafiki wa Kivengere, na jambo lenu wenyewe. Ukitaka kumwuliza mwenzako kuhusu simu ya usiku, kwanza mwambie unachofanya wewe na simu yako. Tembeeni. Mazungumzo haya hayakai vizuri chumbani uso kwa uso, watu wanaona aibu. Mkiwa mnatembea kuelekea mjini kila mmoja anatazama mbele na maneno yanatoka. "Unaendeleaje kiroho?" si swali, atakujibu "namshukuru Mungu" kabla hujamaliza. Sema kitu chenyewe: "Ile hela ya michango ipo?" "Yule kaka bado anakupigia usiku?" Halafu nyamaza, usimjazie jibu.

Na wewe unayeulizwa, usikimbilie "msihukumu". Aya hiyo inajulikana zaidi na waliokamatwa. Endelea nayo mpaka Mathayo 7:5: toa kwanza boriti katika jicho lako, ndipo utaona vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yako. Kibanzi bado kinatolewa, wapendwa. Yesu hakusema kiachwe.

Atakununia. Huenda mwezi mzima. Huenda akakutoa kwenye orodha ya watu wanaoona stori zake za WhatsApp, na kwa umri wenu hiyo ni adhabu kubwa, naelewa. Wengine hawatarudi, na utabaki umesema ukweli na umepoteza rafiki. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, Wagalatia 2, mbele ya watu wote, kwa kuwa kosa lilikuwa la hadharani. Siamini kwamba walikula pamoja jioni ile. Lakini katika waraka wake wa pili, sura ya 3, Petro anamwita "ndugu yetu mpenzi Paulo". Kati ya Antiokia na neno hilo ni miaka mingi.

Nimalizie na mtu mwingine wa nyumba ya mfalme, maana nilianza na Yonadabu na sitaki mlale naye kichwani. 1 Samweli 23:16. Daudi yuko porini, Sauli anamsaka amwue. Yonathani, mtoto wa huyohuyo Sauli, anatoka nyumbani, anamfuata Daudi huko huko mafichoni, anamtia nguvu katika Mungu. Hakumpelekea askari. Hakuishia kumwambia "usiogope". Alimkumbusha ahadi ya Mungu, akamwambia wazi kwamba wewe utakuwa mfalme, si mimi, na baba yangu analijua hilo. Ukweli huo ulimgharimu kiti. Wakafanya agano mbele za Bwana, kisha Daudi akabaki msituni na Yonathani akarudi nyumbani, na Biblia haituonyeshi wakikutana tena.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na naona mama wa chai ameshasimama mlangoni mara mbili. Tuna robo saa ya maswali. Najua nusu yake ni kuhusu wachumba, kwa hiyo naomba aanze mwenye swali lingine.